Hesabu ya Ijumaa kwenye Kona ya Kinyozi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mwongeli Mutie alisoma kesi. Watoto wengine wa mtaa wa Ziwani walikuwa wakitafuta soksi iliyopotea au kugombania bafu, lakini yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, gazeti la jana magotini, akitafuta ukurasa wa habari za mahakamani. Gazeti hilo lililetwa na shangazi yake, Wayua, aliyekuwa karani katika ofisi ya mawakili huko mjini. Mawakili walipomaliza kulisoma, Shangazi alilikunja na kulitia mkobani kwa ajili ya Mwongeli. Msichana huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, lakini alijua tofauti ya jaji na hakimu, na ole wako ukichanganya hao wawili mbele yake.

"Shangazi, mlalamikaji akishindwa kesi, anaweza kwenda wapi?"

"Anaweza kwenda shule, maana saa imefika."

"Nauliza kweli, Shangazi."

"Anakata rufaa. Haya, maliza chai yako."

Njiani kuelekea shuleni Mwongeli aliendelea kuamua kesi kichwani. Barabara ya Kisima ilikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Hilo alilijua kwa kuwa matofali yake yalionekana hapa na pale. Juu ya matofali hayo fundi wa samani alikuwa ameanika makochi matatu, vijana wa bodaboda wameegesha pikipiki, na mtu asiyejulikana ameacha tangi la maji tangu Krismasi. Kwa hiyo watu walitembea barabarani, katikati ya magari. Mwongeli alijiuliza mengi. Njia hii ni ya nani kisheria? Je, kochi lina haki ya kukaa mahali ambapo mtoto hana nafasi ya kupita? Na mtu akigongwa akiwa barabarani kwa sababu kochi limelala njiani, nani ashtakiwe, dereva au fundi?

Maswali hayo hayakuwa ya mchezo. Mwaka uliotangulia, Mzee Burale, babu ya rafiki yake Fadumo, aligongwa na bodaboda akivuka kwenye Kona ya Kinyozi. Tangu siku hiyo alitembea kwa mkongojo. Fadumo aliishi upande wa Eastleigh, na kila asubuhi wasichana hao wawili walikutana kwenye kona hiyohiyo.

"Sasa, wakili?" Fadumo alimsalimu siku hiyo.

"Poa. Leo nina kesi ya makochi."

"Nani ameshinda?"

"Bado naisikiliza."

Siku hiyo Mwalimu Patrobas, aliyewafundisha Masomo ya Jamii, aliingia darasani na habari. Ofisi ya barabara ilipanga kujenga kivuko kimoja kwenye Barabara ya Kisima, kivuko cha tuta ambacho kingelazimisha kila gari kupunguza mwendo. Kulikuwa na mahali pawili pa kuchagua: Kona ya Kinyozi, au mbele ya kituo cha mafuta, mbali kidogo kuelekea mjini. Wananchi wangetoa maoni yao kwenye ukumbi wa jamii Jumatano, wiki mbili baadaye.

"Maoni bila ushahidi ni kelele," alisema Mwalimu Patrobas. "Tutahesabu watu wanaovuka kwenye kona yetu wiki ijayo, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi, mchana na jioni. Fomu ina safu tatu: watoto, watu wazima, na wazee au watu wanaotembea kwa shida. Nani atahesabu mchana?"

Mkono wa Mwongeli ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza. Ushahidi! Neno hilo lilimsisimua kuliko chapati. Fadumo alichukua zamu ya asubuhi, na Sally, msichana mrefu wa dawati la nyuma, akachukua ya jioni.

Baada ya darasa Fadumo alimvuta kando. "Mwongeli, kwangu hili si zoezi la shule. Daktari alisema babu akigongwa tena mguu ule, basi, hatatembea. Na kukaa nyumbani hataki. Tafadhali, hesabu vizuri."

"Usijali," Mwongeli alijibu. "Uko na mimi."

Kinyozi wa pale konani aliitwa Maina. Alimruhusu Mwongeli asimame barazani kwake, mahali salama palipokuwa juu ya barabara kidogo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu. Jumatatu Mwongeli alihesabu kwa bidii. Aligundua kwamba ukimtazama mtu akivuka, unajua mengi juu yake. Akina mama waliinua kiganja kuyazuia magari. Vijana walikimbia huku wakicheka. Mwanamume mmoja alivuka akiwa amebeba godoro kichwani, na Mwongeli akajiuliza kama aandike mtu mmoja au amwekee alama ya pekee. Jumanne na Jumatano zilipita hivyohivyo. Alhamisi alihesabu watu sitini na mmoja, na wazee hawakuwamo.

Kisha ikafika Ijumaa.

Kwa miezi mitatu Mwongeli alikuwa akifuatilia gazetini kesi ya wakazi waliomshtaki tajiri mmoja kwa kuziba kijia chao kwa ukuta. Ijumaa hiyo jaji alikuwa akisoma hukumu, na televisheni ya Maina ilikuwa ikiionyesha moja kwa moja. Mwongeli alisimama barazani, fomu mkononi, akasikia kwa nyuma: "Mahakama hii imezingatia maswali manne..."

Maswali manne! Mwongeli aligeuza shingo. Kisha akageuza mabega. Kisha akaingia ndani, akijiambia kwamba ni kwa dakika mbili tu.

Wasiowahi kusikia jaji akisoma hukumu hawajui maana ya subira. Jaji alisoma aya ya kumi, akanywa maji, akasoma aya ya kumi na moja. Huko nje kulikuwa na nyayo na sauti nyingi, hata Maina akaongeza sauti ya televisheni. Mwongeli alisikia zogo lile lakini hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa jaji, ambaye alikuwa bado yuko kwenye swali la pili kengele ya shule ilipolia.

Mwongeli alishtuka. Alitoka mbio hadi barazani. Barabara ilikuwa imetulia kabisa, na fomu ya Ijumaa mchana ilikuwa nyeupe pe!

Angemwambiaje Mwalimu? Angemwambiaje Fadumo? Alitazama fomu ya jana. Alhamisi watu sitini na mmoja. Ijumaa watakuwa wangapi, kama si hao hao waliovuka jana? Alitoa kalamu, akaandika sitini na nne ili nambari zisifanane. Kwenye safu ya wazee akaandika sifuri, kama ya Alhamisi. Mchana wa Ijumaa nyingine zote yeye huwa ndani ya ua wa shule, nyuma ya ukuta mrefu, akila githeri. Hakuwahi kuiona kona hiyo saa hiyo, na hakujiuliza, yeye mwenye maswali juu ya kila kitu.

"Mchana ulikuwaje?" Fadumo alimuuliza walipokuwa wakienda nyumbani.

"Kawaida."

"Kawaida? Ijumaa?" Fadumo alimtazama, kisha akatikisa kichwa. "Sawa. Wewe ndiye uliyekuwa hapo."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Mwongeli rohoni kutwa nzima ya Jumamosi na Jumapili. Alifungua gazeti akalifunga. Hata kesi ya mbuzi aliyekula hati za shamba haikumchekesha.

Jumatano saa nane ukumbi wa jamii ulijaa. Mbele aliketi Mhandisi Eve, mwanamke mwenye miwani na rundo la karatasi. Bwana Mbugua, msimamizi wa kituo cha mafuta, alisema kwanza. Alieleza kwa upole kwamba wateja na wafanyakazi wake huvuka kwa shida, akatoa hesabu zake zilizopigwa chapa vizuri. Kisha Mwalimu Patrobas akawasilisha fomu za wanafunzi. Mhandisi Eve alizisoma moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kwenye karatasi moja akaiinua.

"Hapa nahitaji kusaidiwa," alisema. "Nyuma ya kona hiyo kuna msikiti. Fomu inasema Ijumaa, saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, walivuka watu sitini na wanne. Wazee, sifuri. Ni kweli?"

Minong'ono ilienea ukumbini. Mzee Burale aliinuka polepole kwa mkongojo wake. Alikuwa ameketi safu ya tatu pamoja na wazee wenzake.

"Mama, mimi nilivuka Ijumaa kwenda kuswali," alisema. "Huyu alivuka. Yule pale alivuka. Kila Ijumaa maduka yanafungwa na watu wote wanakwenda msikitini. Barabara inajaa. Sifuri ni nani? Sisi tuliruka kwa ndege?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Bwana Mbugua aliinua mkono. "Mheshimiwa Mhandisi, sitaki kuwaonea watoto. Lakini kama ya Ijumaa imebuniwa, nani ataziamini za Jumatatu?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na Mwongeli alilijua. Ndipo Mwalimu Patrobas akasimama kumtetea bila kuombwa.

"Aliyehesabu mchana ni mwanafunzi ninayemwamini sana. Huenda alihesabu waliotoka upande mmoja tu. Ni kosa dogo la kutoelewa maagizo."

Mlango wa kukwepa ulikuwa umefunguliwa wazi, na Mwongeli angeweza kuupitia. Angesema, "Ndiyo, Mwalimu, upande mmoja," na mambo yangeisha hapo. Alimtazama Fadumo. Fadumo hakuwa amekasirika. Alikuwa akisubiri amsikie, kama mtu anayemwamini mwenzake. Hilo ndilo lililomuuma Mwongeli kuliko yote.

Alisimama. "Sikuhesabu upande wowote," alisema. "Ijumaa niliingia kwa kinyozi kutazama hukumu kwenye televisheni. Kengele ilipolia nilinakili ya Alhamisi, nikabadilisha kidogo. Siku nne zile nilihesabu kweli. Ijumaa nilidanganya. Wenzangu hawakujua, na Mwalimu hakujua."

Mhandisi Eve alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Asante kwa kusema," alisema. "Lakini siwezi kutumia fomu hizi. Zote nitaziweka kando. Maoni ya maandishi yatapokelewa hadi Alhamisi ijayo asubuhi. Baada ya hapo nitaamua kwa karatasi nilizo nazo mezani."

Nje ya ukumbi Mwongeli alimkimbilia Fadumo. "Fadumo, nisamehe. Sikujua kwamba Ijumaa..."

"Ulimwandika babu yangu sifuri," Fadumo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuomba uhesabu vizuri kwa ajili yake, nawe ukamwandika sifuri." Aliondoka bila kumngoja.

Jioni hiyo Mwongeli alimsimulia Shangazi Wayua kila kitu, akilia. Shangazi aliepua sufuria ya ugali, akaifunika, akaketi.

"Unajua kazi yangu hasa ni nini?" aliuliza. "Napeleka hati za kesi kwa watu. Nikimkuta mtu, naapa kwa maandishi kwamba nimemkuta, siku fulani, mahali fulani. Kuna siku nimepanda ghorofa sita nikakuta mlango umefungwa. Miguu inauma, na mkubwa wangu atanuna. Ni rahisi sana kuandika kwamba nimempa. Lakini mtu huyo anaweza kuhukumiwa bila kujua kwamba ameshtakiwa. Kwa hiyo naandika sikumkuta, kisha kesho napanda tena."

"Mimi nitapanda wapi, Shangazi?"

"Unapajua. Leo ni Jumatano, na mna hadi Alhamisi ijayo. Hesabu siku ngapi za shule zimebaki."

Mwongeli alihesabu kwa vidole. Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Zilikuwa tano, na Ijumaa ilikuwamo. Usiku huo hakulala kabla ya kuandika ukurasa mmoja wa maelezo kwa mkono wake mwenyewe: alichofanya, saa aliyofanya na sababu. Shangazi alimfutia sentensi moja tu, ile iliyosema kwamba sauti ya televisheni ilikuwa kubwa.

"Televisheni haikushika kalamu," alisema.

Asubuhi Mwongeli aliomba radhi mbele ya darasa. Haikuwa rahisi. Sally alinung'unika wazi kwamba jioni zake tano zimetupwa jalalani kwa sababu ya mtu mwingine, na Mwongeli akajibu, "Ni kweli." Hata hivyo wote walikubali kuhesabu upya. Wakati wa mapumziko ya saa nne, kwa ruhusa ya Mwalimu, aliyemsindikiza, Mwongeli alikwenda kituo cha mafuta kumwona Bwana Mbugua.

"Shikamoo. Nimekuja kukuomba uje tuhesabu pamoja mchana."

Bwana Mbugua aliangua kicheko. "Unataka nikusaidie kunishinda?"

"Hapana. Nataka uone ninachoona. Nikiandika peke yangu hakuna atakayeniamini, na watakuwa na haki."

"Nitakuja," alisema. "Na nitakuwa na karatasi yangu."

Ijumaa, saa sita na nusu, wawili hao walisimama barazani kwa Maina. Televisheni ilikuwa imezimwa. Maina aliizima mwenyewe bila kuombwa, akasema na yeye ana aibu kidogo. Mwanzoni barabara ilikuwa ya kawaida. Kisha maduka yakaanza kufungwa, moja hapa, moja pale, na watu wakatokea kila upande: wachuuzi, wanafunzi wa vyuo, mafundi, wanaume wenye kanzu nyeupe, baba na watoto wao mkononi. Mwongeli alipiga alama mpaka vidole vikamuuma. Karatasi ikajaa, akageuza. Alistaajabu. Mkondo mzima wa watu ulikuwa umepita nyuma yake wiki iliyopita, hatua kumi tu kutoka mgongoni pake, naye alikuwa akisikiliza aya ya kumi na moja.

Ndipo Mzee Burale alipofika ukingoni mwa barabara. Alingoja. Lori lilipita. Teksi ikapita. Bodaboda mbili zikapita kwa pamoja, na mkongojo uliokuwa umetangulia barabarani ukarudishwa nyuma. Bwana Mbugua aliacha kuhesabu akatazama saa yake. Zilipita dakika nne kabla kijana mmoja hajasimama katikati ya barabara kuyazuia magari ili mzee avuke. Alipofika chini ya baraza, mzee aliinua uso.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika, Babu."

"Vizuri," alisema, akaendelea na safari yake.

Saa saba na nusu walilinganisha karatasi. Mwongeli alikuwa na watu mia nne na kumi na wanane, wazee thelathini na saba wakiwamo. Bwana Mbugua alikuwa na mia nne ishirini na mmoja.

"Tuandike yako," alisema Mwongeli.

"Kwa nini yangu? Tuandike zote mbili, tuseme tumetofautiana kwa watu watatu." Alitia sahihi yake chini, kisha akaguna. "Mimi nimekaa barabara hii miaka tisa. Hiyo saa huwa niko ofisini nakula."

Alhamisi asubuhi Mwalimu Patrobas alipeleka fomu zote, ukurasa wa maelezo ya Mwongeli ukiwa juu. Wiki tatu baadaye Mhandisi Eve alifika shuleni mwenyewe, wakati wa gwaride la asubuhi. Alitangaza kwamba kivuko kitajengwa kwenye Kona ya Kinyozi. Wanafunzi walishangilia hadi njiwa wa paani wakaruka. Alingoja watulie.

"Kuna jambo moja nataka mlishike," alisema. "Fomu zenu za kwanza zilikuwa safi, lakini nilizitupa. Za pili zina alama zilizofutwa, na nambari mbili tofauti za Ijumaa, lakini nimejenga uamuzi wangu juu yake. Kwa nini? Kwa sababu kwenye ukurasa wa kwanza mtu amekiri kosa lake bila kujificha nyuma ya mwingine. Mtu wa namna hiyo akiniambia ameona wazee thelathini na saba, namwamini. Sisi tunaojenga barabara hatuwezi kusimama kila kona kila siku. Tunategemea karatasi. Ukiandika ambacho hukukiona, kosa haliishii kwenye karatasi. Kuna mtu halisi, mwenye jina, atakayevukia pabaya kwa sababu yako. Kwa hiyo andikeni mlichokiona. Na kama hamkuona, andikeni kwamba hamkuona."

Gwaride lilipotawanyika, Fadumo alimfikia Mwongeli karibu na bomba la maji. Kwa mwezi mzima walikuwa wamesalimiana tu.

"Babu anasema uje kwetu Jumamosi unywe chai," alisema. "Anataka kukuuliza habari za kesi fulani ya shamba."

Mwongeli alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi bado nimekasirika. Kidogo."

"Kiasi gani?"

"Sijapima vizuri," Fadumo alijibu, akimshika mkono. "Nikipima nitakuambia ukweli."